MASHUA KUUKUU SI KUNI
Jinsi kikundi kinavyoweza kufufua chombo cha kuvulia



Ukitembea ufuoni, kuanzia Vanga hadi Kiunga, hukosi kuona mashua iliyolala ubavu chini ya mnazi. Jua linaipiga, watoto wanaichezea, na kuku wanatagia ndani. Ukiuliza ni ya nani utaambiwa, "Hiyo ni ya marehemu fulani." Mwenyewe alifariki, vijana wakaenda mjini kutafuta kazi, na chombo kikabaki hapo. Mwaka mmoja au miwili baadaye kimekuwa kuni.

Vikundi kadhaa vimeniuliza: je, mashua kama hiyo yaweza kutengenezwa ikawa mradi wa kikundi? Jibu ni ndiyo, lakini si kila mashua, na si kwa haraka. Nasema hivi kwa sababu mara ya kwanza tulipojaribu, tulikosea, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokosea.

Kosa letu

Mama mmoja mjane katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini alikipa kikundi chao mashua ya marehemu mumewe. Sharti lake lilikuwa moja tu: kijana wake awe miongoni mwa mabaharia. Kikundi kilifurahi sana. Tulikuwa na pesa kidogo za mradi, na kaskazi ilikuwa imeshaanza, samaki wapo. Basi tukanunua rangi, mbao chache na misumari ya kawaida ya dukani. Kwa wiki mbili mashua ikang'aa, ikaombewa, ikashushwa majini kwa vigelegele. Mimi mwenyewe ndiye niliyetia sahihi pesa zile zitumike hivyo.

Wiki ya tatu, ubao mmoja karibu na mkuku ulifunguka wakiwa nje ya mwamba. Vijana watatu, na yule mtoto wa mjane akiwa mmoja wao, walishikilia ubavu wa chombo mpaka walipookolewa na wavuvi wengine. Tunamshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini nyavu za mkopo zilipotea, na kikundi kikakaa miezi mingi bila mkutano, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Baadaye mashua ilivutwa pwani. Tukamwita fundi wa zamani, mzee aliyeunda vyombo tangu ujana wake. Alichomeka kisu kwenye ule ubao uliopakwa rangi nzuri, kikazama chote. Akaniambia, "Mwanangu, rangi haizibi tundu." Haya yanayofuata ni yale tuliyojifunza kwake tulipoanza upya.

Kwanza ikagueni

Msitoe hata shilingi moja kabla ya kukagua. Muwe na kisu chenye ncha, nyundo ndogo na kipande cha chaki.

1. Gongeni kila ubao kwa nyundo. Mti mzima hulia kwa sauti kali. Mti uliooza hulia kwa sauti nzito, kama gunia. Palipooza tieni alama ya chaki.

2. Chomeni kwa kisu, hasa pale mbao zinapokutana na mataruma, kwenye omo, kwenye tezi, na chini kabisa ndani ya chombo. Watu wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha. Kumbe ni maji ya mvua! Mvua ikituama ndani ya mashua iliyoachwa bila kufunikwa, kuoza huanzia ndani kuelekea nje.

3. Tazameni matundu madogo upande wa nje, chini ya usawa wa maji. Kuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Tundu la kuingilia ni dogo kama la sindano, lakini ndani amechimba njia pana kama kidole. Ubao wa namna hiyo kwa nje waonekana mzima.

4. Tazameni mkuku. Huu ndio uti wa mgongo. Piga jicho kutoka tezi mpaka omo: umenyooka au umepinda? Ukiwa mzima na umenyooka, kuna matumaini. Ukiwa umeoza katikati, fundi wetu anashauri mwache. Chukueni vipande vizuri mkajengee kingine.

5. Hesabuni mbao na mataruma yenye alama ya chaki. Yakizidi nusu, ulizeni kwanza bei ya chombo kipya. Huenda kuunda upya kukawa rahisi kuliko kufufua.

Andikeni yote kwenye daftari la kikundi, na fundi awe pale. Hii ndiyo itakayowapa makadirio ya kweli ya gharama.

Wakati mzuri wa kazi

Wakati wa kusi bahari ni chafu na vyombo vidogo vingi hukaa pwani. Huo ndio wakati wa kutengeneza. Lakini mwanzoni mwa kusi kuna mvua kubwa, na mbao mbichi haziwezi kukazwa vizuri. Sisi tuliivuta mashua wakati wa bamvua, maji yakiwa juu kabisa, tukaisimamisha juu ya magogo na kuijengea kibanda cha makuti. Mvua ilipopungua, mwezi wa saba, tukaanza kazi. Lengo letu lilikuwa kushusha chombo kabla kaskazi haijaanza.

Kibanda si anasa. Kinazuia mvua isituame, na kinazuia jua kali lisipasue mbao.

Kazi hatua kwa hatua

Kusimamisha. Mkuku ukae juu ya magogo matatu au manne yaliyo sawasawa, na miti ya kuegemeza kila upande. Mashua ikitengenezwa ikiwa imepinda, itabaki imepinda.

Kusafisha. Ondoeni rangi ya zamani na makombe yote yaliyonata chini. Fungeni kitambaa mdomoni na puani, vumbi la rangi ya zamani si zuri kwa mapafu, na watoto wasicheze hapo. Baada ya hapo mafundi wa pwani huwasha makuti na kupitisha moto haraka haraka chini ya chombo ili kuua wale wadudu wa mbao. Hii ni kazi ya fundi mwenyewe, mbali na nyumba, ndoo za maji na mchanga zikiwa karibu, na upepo usiwe mkali.

Mataruma. Toeni taruma moja, wekeni jipya, ndipo mtoe la pili. Mkiyatoa yote pamoja, mashua hupoteza umbo lake na hairudi tena. Taruma zuri hutoka kwenye mti uliopinda wenyewe. Ukichonga mkunjo kutoka ubao ulionyooka, nyuzi za mti hukatika na taruma huvunjika pale pale. Na tafadhali, msikate mikoko ovyo. Kuikata kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu, na tena pale kwenye mizizi yake ndipo samaki wengi wanapokulia. Mkikata leo, mtavua nini kesho?

Mbao. Kateni ubao uliooza mpaka mfike kwenye mti mzima, hata kama inauma. Maungio ya mbao mbili yasikae juu ya taruma moja na maungio ya ubao wa jirani. Yapishaneni, kama mwashi anavyopishanisha matofali. Tumieni mti mgumu uliokauka, kama mbambakofi au mvule ukipatikana kihalali.

Misumari. Hapa ndipo tulipoanguka mara ya kwanza. Msumari wa kawaida huliwa na kutu, na kutu hula mti ulio kando yake. Tumieni misumari iliyotiwa zinki. Toboeni kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko msumari, ili ubao usipasuke. Chini ya kichwa cha msumari zungusheni pamba iliyotiwa mafuta, kisha mpige.

Kalafati. Nyuzi za pamba huloweshwa mafuta, kwa mfano ya nazi, na kushindiliwa katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Ishindiliwe imara, lakini isizidi, kwa maana mbao zikinywa maji zitavimba na kujikaza zenyewe. Ukijaza mno, zitasukumana na kung'oa misumari. Kazi hii inataka subira, na tuligundua akina mama wa kikundi waliisokota pamba vizuri kuliko vijana.

Mafuta. Mbao za ndani na za juu hupakwa sifa. Harufu yake mnaijua, lakini hulinda mti. Sehemu ya chini inayokaa majini hupakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa. Hii hurudiwa kila baada ya miezi michache. Angalieni chokaa isiingie machoni.

Kuna wanaoshauri kufunika mashua nzima kwa faiba ili kuficha ubovu. Msikubali. Ukifunika mti uliooza au wenye unyevu, unyevu hukwama humo na kuoza huendelea kwa siri.

Kushusha. Siku ya kwanza mashua itavuja kidogo. Msishtuke. Ifungeni kwenye maji ya kina kifupi siku mbili au tatu, mfue maji asubuhi na jioni, mpaka mbao zivimbe. Ikiendelea kuvuja baada ya hapo, irudisheni pwani. Asitoke mtu kwenda kuvua kabla fundi hajasema sawa.

Vitu vya lazima chomboni

Chombo kizima bila vifaa bado ni hatari. Hakikisheni kuna:

- Jaketi ya kujiokolea kwa kila baharia, si moja kwa wote.
- Makasia mawili, hata kama mna tanga au mashine.
- Nanga na kamba ndefu.
- Makopo mawili ya kufulia maji, yamefungwa kwa kamba.
- Tochi, filimbi na simu ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana.
- Maji ya kunywa.
- Sanduku la barafu.

Msilidharau hili sanduku. Samaki aliyelala juani tangu asubuhi hushuka bei kabla hajafika pwani, na mama karanga ndiye anayepata hasara. Fundi seremala anaweza kutengeneza sanduku la kuta mbili lenye povu gumu katikati. Kwa joto letu, kadirieni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki.

Mkitaka kuweka mashine, mwulizeni fundi kama ubao wa nyuma unaweza kuibeba. Mashua iliyoundwa kwa tanga haikuundwa kwa mtikisiko wa mashine.

Karatasi

Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka chombo cha kuvulia kiandikishwe na kiwe na leseni. Anzeni kwa viongozi wa BMU ya bandari yenu. Kikundi nacho kiwe kimesajiliwa. Siku hizi inatumika sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, kwa hiyo nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkaulize kama cheti chenu bado kinafaa. Na kama mashua ilikuwa ya marehemu, pateni maandishi kutoka kwa familia, yenye sahihi na mashahidi. Mjane wetu alitoa kwa mdomo tu. Mashua ilipokuwa nzuri, ndugu wa marehemu wakaja kuidai. Tulisuluhishwa na wazee, lakini tungeepuka aibu hiyo kwa karatasi moja.

Pesa na mafungu

Kubalianeni kabla ya samaki wa kwanza. Tuseme siku moja mmeuza samaki wa shilingi 6,000. Mmetoa gharama za barafu na chakula shilingi 1,200. Zimebaki 4,800. Mkigawa mafungu sita, kila fungu ni shilingi 800. Mabaharia watatu wachukue fungu moja moja, nyavu fungu moja, na chombo mafungu mawili. Katika hayo mawili ya chombo, moja liende kwenye mfuko wa kikundi, na la pili liwekwe akiba ya matengenezo.

Hilo la pili lisiguswe. Si la harambee, si la karo, si la mkopo wa dharura wa mwenyekiti. Litunzwe na watu watatu, mmoja wao awe mama, na lisomwe mbele ya wote kila mkutano. Mashua isiyo na akiba yake inarudi chini ya mnazi.

Mashua yetu iliposhuka mara ya pili, padre aliibariki, na yule fundi mzee, ambaye ni Mwislamu, akaomba dua. Mjane alisimama kando, hakupiga kigelegele. Alimwuliza mwanawe swali moja tu: "Umevaa jaketi?" Alipoona ameivaa, ndipo akaketi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni chombo au kifaa gani kijijini kwetu kimeachwa kioze, na kwa nini?
2. Je, kikundi chetu kimewahi kupaka rangi juu ya ubovu, iwe katika mradi, hesabu au uongozi?
3. Nani katika kikundi ana haki ya kusema "bado" wakati wengine wana haraka? Je, tunamsikiliza?
4. Fungu la matengenezo la mradi wetu liko wapi leo, na limefika kiasi gani?