Usiliruke Neno Geni

Somo la elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Ndugu wanafunzi wa Tukuyu na Rungwe yote, kaeni vizuri, fungueni madaftari, na kila mmoja ashike kalamu yake. Ndugu mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno nitakayoyataja.

Leo tutajifunza habari ya maneno mageni. Ninyi nyote sasa mnaweza kuziunganisha herufi na kulitamka neno. Lakini kulitamka neno ni jambo moja, na kulielewa ni jambo jingine. Watu wengi wakikutana na neno wasilolijua huliruka, wakaendelea mbele. Katika hadithi ya sungura na fisi, hasara yake ni ndogo. Katika karatasi ya mkopo, hasara yake yaweza kuwa shamba zima la chai au la ndizi.

Sikilizeni mfano huu wa maneno yanayoweza kuandikwa katika karatasi ya mkopo:

"Mkopaji ameliweka shamba lake rehani kwa mkopeshaji, mpaka atakapomaliza kulipa deni pamoja na riba."

Sentensi hii ni fupi, lakini ina maneno manne ya kuangaliwa: mkopaji, mkopeshaji, rehani na riba. Mtu asiyeyaelewa asitie sahihi yake wala dole gumba lake. Basi tuyachunguze.

Kwanza, litafutie neno ndugu zake.

Maneno yana ukoo kama watu. Katika Kinyakyusa mnasema umundu, na wakiwa wengi mnasema abandu. Mwanzo wa neno umebadilika, lakini sehemu ya mwisho imebaki ile ile. Kiswahili nacho ni hivyo: mtu, watu. Kwa hiyo ukikutana na neno refu, liondolee kidogo mwanzoni, uone limebaki nini.

Chukueni neno mkopaji. Ndani yake mnaliona neno kopa. Kukopa ni kuchukua fedha au kitu kwa ahadi ya kulipa baadaye. Katika kopa tunapata mkopo, mkopaji, kopesha na mkopeshaji. Ukilijua neno moja, umekwisha kuyakaribia matano.

Pili, uangalie mkia wa neno.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kopa na kopesha ni ndugu, lakini kazi zao ni mbalimbali. Anayekopa hupokea fedha. Anayekopesha hutoa fedha. Mkopaji ndiye mwenye deni, na mkopeshaji ndiye anayelipwa.

Wakati mwingine tofauti ni sauti moja tu. Andikeni maneno haya mawili: mdai, mdaiwa. Mdai ni yule anayedai haki yake kwa mwingine. Mdaiwa ni yule anayetakiwa kulipa au kujibu. Ni ile "wa" ya mwisho iliyomgeuza mtu kutoka upande mmoja wa shauri kwenda upande wa pili. Ndivyo ilivyo pia kwa mshtaki na mshtakiwa, na kwa mwajiri na mwajiriwa. Maneno haya yanazidi kutufaa, kwa kuwa mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Ukipewa karatasi ya shauri, tafuta jina lako, kisha usome kwa makini neno lililo karibu nalo.

Tatu, neno lisilo na ndugu, liulizie.

Sasa tumefika kwenye rehani na riba. Haya hatuwezi kuyapasua kama tulivyopasua mkopaji, kwa sababu yametoka katika Kiarabu, na ukoo wake umebaki huko. Hapo dawa ni kuuliza.

Rehani ni mali ambayo mkopaji anaiweka ili, asipolipa, mwenye fedha aweze kuichukua au kuiuza. Kumbe yule wa sentensi yetu hakukopa tu. Amelifunga shamba lake.

Riba ni fedha ya ziada juu ya ile uliyokopa. Tuseme umekopa shilingi 100,000, na riba ni shilingi 10 kwa kila shilingi 100. Riba yako ni shilingi 10,000. Lakini uliza tena: ni kwa mwaka au kwa mwezi? Ikiwa ni mara moja kwa mwaka, mwisho wa mwaka utarudisha shilingi 110,000. Ikiwa unatozwa hizo shilingi 10,000 kila mwezi, katika miezi 12 riba itafika shilingi 120,000, nayo imeupita mkopo wenyewe! Neno moja, "mwezi" au "mwaka", limezaa tofauti hiyo yote.

Ndugu zangu, msione haya kuuliza. Hakuna mtu aliyezaliwa na maneno yote, wala Kiswahili chenyewe hakikuzaliwa nayo yote. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg. Wajerumani walipoondoka, jina lao la mji likaondoka, lakini baadhi ya maneno yao yakabaki. Shule ni neno lao. Na hela tunazotafuta kila siku zilipata jina katika sarafu iliyoitwa Heller, ambayo tangu mwaka 1904 100 zake zilikuwa rupia moja.

Maneno mengine yametoka katika lugha zetu wenyewe. Ikulu ni neno la Wasukuma na Wanyamwezi, maana yake makao ya mtemi. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, alitumia neno la Kizanaki, kung'atuka, yaani kuacha madaraka kwa hiari. Siku hizo Watanzania wengi walilisikia kwa mara ya kwanza wakauliza maana yake. Leo ni letu sote. Hata ninyi mkimwambia mgeni wa pwani juu ya Malafyale, itambidi aulize, nanyi mtamwambia kwamba ni chifu wa Wanyakyusa. Hamtamcheka. Basi nanyi ulizeni bila hofu.

Kama darasa lina kamusi, itumieni. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa kwanza mwaka 1981. Ukitaka kopesha, tazama penye kopa, maana kitenzi kimepangwa pamoja na watoto wake. Lakini rehani itafute penye herufi R.

Nne, liandike neno na kulitumia.

Neno lililosikiwa mara moja hupotea. Gawanyeni ukurasa wa daftari sehemu tatu. Katika ya kwanza andika neno. Katika ya pili, mahali ulipolikuta. Katika ya tatu, sentensi yako mwenyewe. Maneno yako kila mahali: juu ya mfuko wa mbolea, katika kadi ya zahanati, kwenye ubao wa matangazo ya kijiji. Maneno matatu kwa juma yatakuwa zaidi ya 150 kwa mwaka.

Kazi ya juma hili

1. Nani hupokea fedha: mkopaji au mkopeshaji?
2. Mpangaji na mpangishaji: yupi ndiye mwenye nyumba? Eleza umejuaje.
3. Taja ndugu wanne wa neno lipa.
4. Leteni darasani maneno matatu mageni mliyoyakuta sokoni, shambani au nyumbani. Kila mmoja asome sentensi zake, na wenzake wasahihishe.

Juma lijalo tutasoma stakabadhi ya mauzo, mstari kwa mstari.