Goma na Bukavu: Kabla ya kununua redio ya nyumbani, angalia antena kwanza

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipoanza kutapika moto, wakaaji wengi wa Goma walitoka nyumbani mbio, simu mkononi, bila kujua lava inaelekea wapi. Uvumi ulienea haraka kuliko habari. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, viongozi walitoa amri sehemu ya mji ihame. Mtu aliyechelewa kuipata amri hiyo alichelewa pia kupata barabara.

Hiyo si mara pekee. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo yote, na ilirudi baada ya karibu wiki tatu. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano yaliyoifikisha M23 ndani ya Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika. Redio nayo si kinga kamili. Mnamo Januari 2019, matangazo ya FM ya RFI yalikatwa pia. Lakini mwenye redio nzuri, kituo kimoja kikinyamaza, anatafuta kingine. Asiye nayo anabaki kumwuliza jirani.

Ndiyo maana kuchagua redio ya nyumbani si jambo la anasa tu. Hata hivyo, Birere kwa Goma au Kadutu kwa Bukavu, wanunuzi wengi hutazama ukubwa wa bafle, taa zinazowaka na idadi ya wati zilizoandikwa kwenye karatasi. Wati ni nguvu ya kutoa sauti. Hazisemi kitu kuhusu uwezo wa kunasa mawimbi. Kazi hiyo hufanywa na tyuna, kile kifaa kinachopokea mawimbi na kuyageuza kuwa sauti kabla ya kuyapeleka kwenye ampli. Tyuna inaweza kuwa boksi la peke yake linalounganishwa na ampli kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, au inaweza kuwa ndani ya ampli yenyewe.

Kila nchi na namba zake

Swali la kwanza dukani ni hili: redio inaanzia namba ngapi na kuishia ngapi? Kongo, kama sehemu kubwa ya dunia, inatumia FM kuanzia megahezi 87.5 hadi 108. Ujapani inaanzia 76, na redio nyingi za zamani za huko zinaishia 90. Za karibuni zinafika 95. Kwa hiyo redio ya gari iliyotolewa kwenye gari la Kijapani, hata ikiwa nzima kabisa, haitapata kituo kinachotangaza kwenye 98 au 105.

Jambo hili linagusa watu wengi, kwani katika nyumba nyingi za Kivu redio ya gari imegeuzwa redio ya sebuleni: batri ya volti 12, paneli ya jua, bafle mbili, na kazi inaendelea hata moto ukikatika. Ni wazo zuri, kwa kuwa redio nyingi za gari zimetengenezwa kunasa vizuri hata gari likiwa mwendoni. Lakini namba lazima zifike 108. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa, ila mara nyingi kinapunguza usikivu.

Redio zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani zina shida nyingine. Nyingi huruka kwa hatua za 0.2, kutoka 95.1 hadi 95.3, na kituo kilicho kwenye 95.2 au 95.4 hakipatikani sawasawa. Baadhi zina kitufe nyuma cha kubadilisha hatua. Kifaa kisicho na kitufe hicho kiachwe dukani.

Tundu la antena

Swali la pili liko nyuma ya kifaa. Je, kuna mahali pa kufunga antena ya nje? Bafle ndogo nyingi za kisasa, zile za kuchaji na kuunganisha na simu, zina FM lakini hazina tundu hilo, na nyingine hutumia waya wa kuchaji kama antena. Karibu na mnara zinasikika. Ukifika Sake au Minova, zinakwaruza tu.

Tyuna ya maana ina tundu la waya mnene wa duara kama ule wa televisheni, wa omu 75, au skrubu mbili za waya bapa wa omu 300. Hapo mtu anaweza kufunga antena ambayo haigharimu sana. Kwenye megahezi 100, wimbi moja lina urefu wa mita 3. Antena rahisi ni nusu yake, mita 1.5: nyaya mbili za sentimita 75 hivi, moja kushoto na nyingine kulia, kama herufi T. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kuitengeneza. Ijaribiwe ikiwa imelala, kisha ikiwa imesimama, kwa sababu vituo havitumi mawimbi kwa namna moja.

Antena iwekwe wapi? Mabati huzuia mawimbi. Nyumba ya mbao ya Goma inaruhusu mawimbi kupita ukutani, lakini antena iliyofichwa darini, chini ya bati, inafanya kazi kama mtu aliyefunikwa blanketi. Dirishani, upande wa mnara, ni pazuri zaidi; juu ya mti nje, pazuri kuliko pote.

Milima na majirani

Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga: mlima ukisimama katikati, kunakuwa kivuli. Wakaaji wa Bukavu wanalijua hilo bila kufundishwa. Nyumba mbili zinazotazamana, moja ya Ibanda na nyingine upande wa pili wa kilima, hazisikii kituo kimoja kwa namna moja. Na pale kilima kinaporudisha mawimbi kama mwangwi, wimbi moja hufika mara mbili, na herufi "s" inaanza kupasuka mdomoni mwa mtangazaji. Kuongeza sauti hakusaidii. Dawa ni kusogeza antena, wakati mwingine kwa mita moja tu, au kuweka antena ya matawi inayoelekezwa upande mmoja.

Shida nyingine ni ya mpakani. Goma inapakana na Gisenyi, Bukavu inatazamana na Cyangugu, na Uvira inapokea redio za Bujumbura. Kituo chenye nguvu cha ng'ambo kinaweza kumeza kituo dhaifu cha hapa kilicho karibu naye kwenye namba. Tyuna nzuri hutenganisha vituo hivyo; ya hovyo huvichanganya, mahubiri yakaingia ndani ya habari.

Kisha kuna kitufe ambacho wengi hawakigusi: mono. Stereo inahitaji mawimbi yenye nguvu kuliko mono. Kituo kikisikika kwa mvumo kama wa mvua, kubonyeza mono huondoa sehemu kubwa ya mvumo huo. Muziki unapoteza upana wake kidogo, lakini taarifa ya habari haipungukiwi kitu.

Umeme unaoua, umeme unaokwaruza

Vifaa vilivyotumika vinavyotoka Marekani vinataka volti 120, na vya Ujapani volti 100. Umeme wetu ni volti 220. Ukichomeka bila kusoma kibandiko cha nyuma, ni moshi. Kibandiko kikionyesha 220 hadi 240, au kukiwa na kitufe cha kubadilisha, hapo ni salama.

Kwa wanaotumia jua, mvumo unaweza kutoka ndani ya nyumba yenyewe. Chaja za bei ndogo, baadhi ya taa za LED na konvertisa, yaani kile chombo kinachogeuza umeme wa batri kuwa volti 220, hutoa kelele zinazoingia kwenye redio. Jaribio ni rahisi: zima kimoja kimoja ukisikiliza. Kinachonyamazisha mvumo ndicho mwenye kosa. Kihamishwe mbali na antena.

Tyuna za namba zina pia kumbukumbu ya vituo. Nyingine husahau vyote umeme ukikosekana siku chache. Za sindano, za kuzungusha kwa mkono, hazina cha kusahau, na mafundi wengi wanazijua.

Jihadhari na radi

Mtu akishaweka antena nje, lazima afikirie radi. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapo karibu na Bukavu, kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote Afrika: zaidi ya miale 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Mawingu yakianza kukusanyika, waya wa antena uchomolewe na utupwe nje ya dirisha, na kifaa kitolewe kwenye umeme. Dhoruba ikishaanza, asiuguse mtu.

Jaribu kabla ya kulipa

Mnunuzi aende dukani akiwa na karatasi yenye namba za vituo vitatu: kimoja chenye nguvu, kimoja dhaifu anachokipenda, na kile anachokitegemea siku mambo yanapoharibika. Kwa wengi mashariki, hicho cha tatu ni Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002 na inayotangaza pia kwa Kiswahili, au redio ya jamii ya mahali anapoishi. Amwombe mwuzaji afunge antena, awashe, na atafute vituo hivyo vitatu bila haraka. Asikilize sauti za watu, si muziki, kwa maana ngoma huficha makosa na maneno huyafunua. Abonyeze mono. Aguse nyaya za nyuma aone kama sauti inakatika.

Kama mwuzaji anakataa kuwasha, jibu limekwisha kupatikana. Na kama bei inazidi mfuko, ni afadhali kuchukua kifaa kidogo chenye tundu la antena na kutumia pesa zilizobaki kwa waya na mti mrefu, kuliko kurudi nyumbani na bafle kubwa zinazotikisa madirisha lakini haziwezi kukuambia barabara ipi imefungwa leo asubuhi.