Kabla ya Kubadilisha Lugha, Itafute Amri

Kila mara vijana wanaoandika filamu wanapompata mtu anayezijua tamthilia za kale, swali la kwanza ni lile lile: lugha ile ya zamani tuigeuze vipi ili kijana wa leo aielewe? Mwenye kuuliza kwa kawaida ameshajijibu. Ameamua kwamba wahusika watazungumza Sheng au Kiswahili cha mtaani, watashika simu, watavaa raba, wimbo wa Bongo Fleva utapigwa kwenye tukio la dansi, na hapo Shakespeare atakuwa ameshahamia Kariakoo au Eastleigh. Swali hili limeulizwa vya kutosha. Lugha ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kazi ya kugeuza futuhi ya jukwaani kuwa filamu ya vijana, na anayeanzia hapo hufika mwisho wa muswada akiwa na wahusika wanaochekesha, ila hakuna kinachowabana.

Nyuma ya swali hilo kuna imani iliyoota mizizi: kwamba hisia za binadamu hazibadiliki, mapenzi ni mapenzi na wivu ni wivu, kwa hiyo ukibadilisha mavazi na maneno umemaliza. Nusu ya kwanza ya imani hiyo ni kweli, na ndiyo maana inadanganya wengi. Mapenzi peke yake hayawezi kujaza saa mbili. Wapendanao wasio na wa kuwazuia wataonana, watakubaliana, na watazamaji watakwenda zao kulala. Kinachoendesha futuhi ni amri. Mtu mwenye mamlaka anakataza jambo, katazo lina adhabu, na vijana wanalazimika kudanganya, kujificha, kujigeuza au kutoroka. Katika A Midsummer Night's Dream, Egeus anakwenda kwa mtawala wa Athens na sheria mkononi: Hermia aolewe na Demetrius, la sivyo auawe au awekwe utawa maisha yake yote, na ana muda mpaka mwezi uandame. Fujo yote ya wapenzi wanne msituni inatokana na binti anayeikimbia sheria hiyo. Filamu ya Get Over It ya 2001 iliiondoa. Kijana ameachwa na mpenzi wake, anajiunga na mchezo wa shule ili amrudishe, na msitu wa Shakespeare unabaki kuwa mandhari ya mchezo wanaofanyia mazoezi. Majina yapo, vijana wapo, muziki upo. Lakini hakuna anayemkimbia yeyote, na yule mvulana angeweza kwenda nyumbani wakati wowote bila kupoteza kitu.

Shakespeare mwenyewe aliishi kwa kugeuza kazi za wengine, na namna alivyofanya inatosha kuizima imani hii. The Comedy of Errors aliitoa kwa Plautus, Mrumi aliyeandika Menaechmi karne nyingi kabla yake, juu ya mapacha waliopoteana wanaochanganywa mjini. Muumini wa mavazi na maneno angewavalisha mapacha hao nguo za Kiingereza akaridhika. Shakespeare aliongeza jozi ya pili ya mapacha, watumishi wa wale wa kwanza, kisha akaufungua mchezo kwa hukumu: Egeon, mzee wa Syracuse, amekanyaga Ephesus wakati miji hiyo miwili haipatani, na asipopata maki 1,000 za kujikomboa kabla jua halijazama, atauawa. Kwa Plautus hukumu hiyo haipo. Mtu aliyekuwa anaihamisha hadithi kutoka zama moja kwenda nyingine aliona kinachokosekana ni sheria, adhabu na muda unaokwisha. Huo ni ushahidi kutoka kwa fundi mwenyewe, na inashangaza kwamba wanaomtaja kila siku hawautazami.

Filamu inayotajwa sana kuitetea lugha ya kisasa ni 10 Things I Hate About You ya 1999, iliyoandikwa na Karen McCullah na Kirsten Smith, ikaongozwa na Gil Junger, kutokana na The Taming of the Shrew. Itazameni tena. Kwenye tamthilia, Baptista, tajiri wa Padua, hataki Bianca aolewe kabla ya dada yake mkubwa, Katherina. Waandishi wa filamu hawakuridhika na kuandika "baba mkali". Walijiuliza baba wa Marekani mwishoni mwa karne ya 20 anaogopa nini hasa kiasi cha kukataza, wakampa Walter Stratford udaktari wa uzazi, ili kila siku kazini akutane na kile anachokiogopa kwa binti zake. Amri yake ya awali ni kwamba hakuna kutoka na mvulana mpaka mtu amalize shule. Kisha anaigeuza: Bianca atatoka siku dada yake mkubwa, Kat, atakapotoka. Anaitoa kwa raha kabisa, kwa kuwa Kat hamtaki mvulana yeyote pale shuleni. Na Bianca anapotaka kwenda kwenye sherehe, baba anamvisha kwanza tumbo bandia la mimba ili aonje uzito wake. Tukio hilo linachekesha katika lugha yoyote, kwa sababu kicheko kinatoka kwenye hofu ya baba na mamlaka aliyonayo, wala hakitegemei msemo wa kijana yeyote.

Tazameni pia walivyoitumia fedha. Kwenye tamthilia, wachumba wa Bianca wanakubaliana kumlipia Petruchio gharama za kumposa Katherina. Ni jambo la kupita tu. Hakuna anayeona aibu, na Petruchio ameshatangaza kwamba amekuja Padua kuoa mali. Filamu imelichukua jambo hilo dogo ikalifanya siri: Joey, anayemtaka Bianca, anamlipa Patrick ili atoke na Kat, Kat mwenyewe hajui, na tangu hapo kila anapocheka na Patrick mtazamaji anaona aibu kwa niaba yake. Kumnyima mke chakula na usingizi mpaka anyenyekee, dau la waume juu ya nani mwenye mke mtiifu zaidi, hotuba ndefu ya Katherina kuhusu utii, vyote vimetupwa, na filamu imesimama bila hivyo kwa sababu amri ya baba imebaki. Hiyo ndiyo kazi ya kugeuza. Misemo ya vijana iliyomo humo ilishapitwa na wakati zamani.

Mwaka huo huo wa 1999 ilitoka She's All That, iliyochota kutoka Pygmalion ya Bernard Shaw, na hapa kasoro inaonekana wazi. Eliza wa Shaw ni muuza maua wa barabarani. Anakwenda mwenyewe nyumbani kwa Higgins, mtaalamu wa matamshi, akiwa na senti zake, anataka kulipia masomo ya matamshi, kwa sababu anataka kuajiriwa katika duka la maua na anajua kwamba kwa lafudhi yake hakuna atakayemchukua. Tabaka limemfungia mlango, na mlango wenyewe upo mdomoni mwake. Dau la Higgins na mwenzake, kama anaweza kupitishwa kuwa bibi wa tabaka la juu, linakuja baadaye, juu ya haja ambayo Eliza alikuwa nayo tayari. Filamu imebakiza dau na kuitupa haja. Laney, msichana wa filamu, hamwombi mtu chochote. Wavulana wanabishana kama anaweza kufanywa malkia wa dansi ya shule, anavuliwa miwani, anakatwa nywele, anavishwa gauni jekundu, anashuka ngazi. Kipi kilikuwa kinamzuia hapo kabla? Miwani. Tamthilia kuhusu jinsi Uingereza inavyowapanga watu kwa matamshi imekuwa habari ya msichana mzuri ambaye wenzake walikuwa hawajamwangalia vizuri.

Litakuja pingamizi kwamba She's All That iliingiza fedha nyingi zaidi kuliko ile nyingine. Ni kweli iliingiza, na hakuna ubaya wowote mtu akitaka kutengeneza filamu ya dau, gauni na dansi. Lakini jaribuni kulifuta jina la Shaw kwenye filamu hiyo: hakuna kitu kitakachopungua. Fuateni njia hiyo hiyo kwa 10 Things, ondoeni amri ya Baptista, na hamna filamu, maana Patrick hatakuwa na sababu ya kulipwa. Mwenye kutaka kuuza gauni aliuze kwa jina lake mwenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba mtazamaji asipoelewa maneno hawezi kuicheka amri yoyote. Sawa, na kwa hilo Kiswahili kina jibu lake tangu zamani. Mwalimu Nyerere aliifasiri The Merchant of Venice, ambayo mkusanyo wa 1623 uliiweka miongoni mwa futuhi za Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Lugha yote imebadilika na Venice imebaki Venice, na msomaji anamwelewa mkopeshaji Shylock bila taabu kwa sababu hati ya deni anaijua. Mwaka 2012 kundi kutoka Kenya liliigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili kwenye jukwaa la Globe, London. Kazi hizo zinaonyesha kwamba suala la lugha hutatuliwa kwa kufasiri, na kufasiri ni fani yenye heshima yake. Kugeuza ni fani nyingine. Anayefasiri hana wajibu wa kumtafutia Baptista mwenzake wa leo. Anayegeuza hana wajibu mwingine kabla ya huo.

Wapo watakaosema kwamba leo akina Egeus hawapo tena, sheria hazimpi baba nguvu ya kumuua binti. Hapo ndipo penye siri ya filamu za vijana, na wengi wanadhani shule huchaguliwa kwa sababu vijana ndio wanunuzi wa tiketi. Mtu mzima wa leo akikatazwa anahama nyumba. Kijana hawezi: chakula, ada, kitanda na saa ya kurudi nyumbani viko mikononi mwa watu wengine. She's the Man ya 2006, kutokana na Twelfth Night, ilielewa hilo. Viola wa tamthilia anajivika uanaume kwa sababu amenusurika meli ikizama na yuko ugenini peke yake. Viola wa filamu anafanya hivyo kwa sababu timu ya wasichana ya soka imefutwa shuleni kwake na kocha hataki wasichana wacheze na wavulana. Bahari imeondoka, lakini katazo limebaki na nguvu yake.

Sasa tuje kwetu, ambako amri hazijapungua, bali waandishi huzipita wakikimbilia misemo. Shule ya bweni ina geti, matroni, viranja, karatasi ya ruhusa na simu zinazonyang'anywa. Athens haikuwa na zaidi ya hapo. Lakini tahadhari, si kila amri inahama. Petruchio anaoa ili atajirike, kwa kuwa Padua baba wa binti ndiye anayetoa mali: Baptista anaahidi krauni 20,000 na nusu ya ardhi yake akifa. Huku mahari inatoka kwa mwoaji. Mkimleta Petruchio Dodoma au Kisumu na maneno yake yote yakiwa ya mtaani kabisa, bado atakuwa mtu anayekwenda kutafuta utajiri mahali atakapodaiwa ng'ombe. Watazamaji wataona kuna kitu hakijakaa sawa hata wakikosa kukitaja. Inabidi fedha itoke upande mwingine, kama ilivyotoka kwa Joey, au mjomba anayengojea mahari ya mdogo mtu azuiwe na mila ya mkubwa kuolewa kwanza, na hapo tayari mna filamu.

Kwa wanaotaka kuanza kesho: iandikeni amri kwa sentensi moja, nani anakataza, nini, kwa adhabu gani, mpaka lini. Sentensi ikigoma, chagueni tamthilia nyingine. Simu ikitatua tatizo lenu kwa ujumbe mmoja, ipelekeni hadithi mahali simu hairuhusiwi, au ifanyeni simu yenyewe ndiyo kinyago, kama The Half of It ya 2020 ilivyofanya kwa barua za mapenzi ambazo Cyrano, katika tamthilia ya Cyrano de Bergerac, anaziandika kwa niaba ya mwenzake. Michezo ya maneno ya kale iacheni, hata Waingereza wanaisoma kwa maelezo pembeni. Shakespeare na Molière hawana wa kuwadai, na Shaw alifariki 1950, muda wa hakimiliki yake umekwisha kwa sheria za Kenya na Tanzania. Lakini tafsiri ya Mwalimu bado ina wenyewe, msinyofoe mistari yake bila idhini. Misemo ya mtaani muiweke mwisho kabisa, wakati wa mazoezi, na muwaachie waigizaji waiseme wanavyoisema. Tukio la kuandika kabla ya yote ni lile ambalo mwenye amri anailegeza mwenyewe. Kwa Walter Stratford ni pale anapomwambia Kat kwamba ameshatuma hundi kwa chuo cha mbali alichomkatalia tangu mwanzo.