Guangzhou: Siku moja nje ya maghala

GUANGZHOU, CHINA. Mfanyabiashara anayesubiri mzigo wake ufungwe anaweza kutembea kutoka Xiaobei, mtaa uliozoeleka kwa Waafrika, hadi Sanyuan Gong, hekalu la Utao, dini ya asili ya Wachina, lililo chini ya kilima cha Yuexiu. Humkumbuka Bao Gu, mwanamke mganga aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Mgeni huvuka kizingiti bila kukikanyaga.

Upande wa kusini lipo Wuxian Guan, lililojengwa hapo mwaka 1377. Husimuliwa kwamba watu watano wa mbinguni walikuja wamepanda mbuzi, wakawapa wenyeji wenye njaa mashuke ya mpunga. Ndiyo maana Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi.

Chakula chenyewe bado ni mchele: uji mzito, au changfen, chapati laini ya unga wa mchele inayokunjwa na nyama au kamba. Anayekula halali aulize kwanza, kwani nguruwe huingia hata kwenye supu. Jirani, barabara ya Guangta, upo msikiti mkongwe wa Huaisheng.

Matembezi hayo hayapunguzi gharama ya mzigo, lakini humpa mgeni la kuzungumza na mwenye kiwanda kabla ya kutajiana bei.