Mumunye Tamu na Mumunye Chungu

Wasomaji wetu wa Ugogo waujua mmumunye tangu utoto wao. Mvua za Desemba zikianza, mbegu zake hutiwa kandokando ya shamba la mtama au karibu na zizi, penye samadi. Na kabla mvua hazijakatika mwezi wa Aprili, mmea umekwisha kupanda juu ya ua. Katika nchi ya Dodoma, ipatayo mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, si mimea mingi imfaayo mtu kwa chakula na kwa chombo pia. Mumunye changa hupikwa. Likikauka huwa kibuyu cha maji au cha maziwa, huwa kata ya kunywea, hata huwa tumbo la zeze. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti ya zeze mpaka Ulaya.

Lakini mmea huu uliotufaa hivyo waweza pia kuua, na habari hiyo yapasa ijulikane katika kila nyumba. Mamumunye mengine ni machungu. Uchungu huo ni sumu iitwayo kukabitasini. Moto hauiondoi, chumvi na karanga huificha tu. Aliyeila hushikwa na msokoto wa tumbo, hutapika na kuhara, pengine hutapika damu, na nguvu za mwili humwishia. Hakuna dawa iipingayo sumu hiyo; yampasa mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Huko India, ambako wengine hunywa maji ya mumunye bichi kwa ajili ya afya, watu wamekufa kwa kunywa yaliyo machungu.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za Elisha huko Gilgali, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mtu mmoja aliokota matango ya porini asiyoyajua, akayakatia sufuriani, na walioonja wakatambua hatari iliyomo. Angalieni kwamba ilikuwa wakati wa njaa. Ugogo nayo imepata kuona njaa, kama ile kuu ya mwaka 1917 hata 1920 iitwayo Mtunya. Mwenye shibe hutema kilicho kichungu. Mwenye njaa humeza.

Je, uchungu waingiaje katika shamba lililokuwa na mamumunye matamu? Maua ya mmumunye ni meupe, nayo hufunguka jua likichwa. Mmea mmoja una maua ya kiume na maua ya kike, na nondo warukao usiku huchukua unga wa maua toka moja hata jingine. Nondo hajui mpaka wa shamba. Ikiwa jirani amepanda mamumunye machungu kwa ajili ya vibuyu, unga wake utafika kwetu. Mwaka huu mumunye letu litakuwa tamu kama mama yake; lakini mbegu zilizomo zina baba mchungu, na mwakani zaweza kuzaa machungu, wala macho hayataona tofauti.

Basi, akina mama, twawasihi hivi. Kabla ya kupika, kateni kipande kidogo cha kila mumunye, mkiguse kwa ulimi, kisha mteme. Likiwa chungu, litupwe lote. Na kama uchungu umegunduliwa mezani, mpishi asione haya kumwaga sufuria nzima. Kibuyu kipya kijazwe maji mpaka nyama yake ioze, kikwanguliwe, kisuuzwe mara nyingi. Maziwa yasitiwe humo maadamu maji yake yangali machungu.

Nanyi walimu, mwaweza kuwafundisha watoto kutunza mbegu. Jioni, kabla maua hayajafunguka, funikeni kwa kitambaa ua la kike na ua la kiume la mmea ambao mamumunye yake yameonjwa yakawa matamu. Yakifunguka, pakeni unga wa la kiume katika la kike, kisha mfunike tena mpaka ua linyauke. Tieni alama kwenye kikonyo, na mbegu za tunda hilo ziwekwe kwa kupanda.

Mwisho, wazee wasimlazimishe mtoto atemaye chakula kwa kumwambia kwamba dawa huwa chungu. Kwanza waonje wenyewe.