Fahamu: Vimelea katika damu ya woylie
Woylie ni mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, mwenye uzito wa kilo moja na ushei, anayeishi kusini-magharibi mwa Australia. Hufukua ardhi akitafuta uyoga, na msitu hunufaika kwa udongo anaouchimbua. Kati ya 1999 na 2006 idadi yake ilishuka kwa takriban asilimia 90.

Paka na mbweha walioletwa kutoka ng'ambo huwawinda sana. Lakini watafiti walipopima damu ya woylie walikuta pia tripanosoma, ndugu wa vimelea ambao huku kwetu huleta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Je, mnyama aliyedhoofishwa na vimelea hukamatwa kirahisi zaidi? Swali hilo ni zito, na haliwezi kujibiwa kabla ya kujua ni kimelea gani hasa.

Njia ya zamani ni kutandaza tone la damu kwenye kioo, kulitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Vimelea wakiwa wachache, hawaonekani. Aina mbili zikichanganyika, moja huifunika nyingine. Kipimo cha PCR hunakili vinasaba vya kimelea mara nyingi mno, kisha mpangilio wake husomwa. Ndivyo ilivyobainika kwamba woylie mmoja anaweza kubeba aina zaidi ya moja. Mojawapo, Trypanosoma copemani, imeonekana maabarani ikipenya ndani ya seli.

Woylie huhamishwa ili kuanzisha makundi mapya. Kumhamisha bila kumpima damu ni kuhamisha na vimelea wake.