Jile ya chupa: kushona chombo cha kuokoa maisha hapa Likasi

Wandugu wa koperative, tuanze na hesabu moja ndogo, juu hiyo njo inabeba habari yote. Chupa tupu ya plastiki ya lita 1.5, ikifungwa kizibo chake vizuri, inabeba karibu kilo 1.5 ndani ya maji. Mtu mzima naye, akiingia majini, hana tena ule uzito tunaomjua nao. Maji yenyewe yanambeba karibu mwili mzima. Kinachomzamisha ni kilo chache tu, zaidi sana kichwa anachotaka kukiinua apate kupumua. Kwa hiyo kanuni za kimataifa zinadai jile ya mtu mzima, kwa maji yaliyotulia, iwe na nguvu ya kuelea ya kilo 10 hivi. Chupa 8 zinatoa 12.

Tumeshona jile za namna hiyo katika karakana ndogo hapa Likasi, kwa mashine ya kushona ya kukanyaga kwa mguu, saki za mahindi na chupa za kuokota sokoni. Jile za duka zipo, tena ni nzuri kuliko zetu. Lakini bei yake inamfanya mkulima achague kati ya jile na mbolea, na tuseme kweli, mbolea inashinda kila mara.

Watu wa mjini wanatuuliza: Likasi ni mji wa shaba, jile ya nini? Wanasahau Lufira. Wanasahau ziwa Tshangalele, ambalo lilizaliwa mto ulipozibwa kule Mwadingusha, na mashine za umeme zikaanza kazi mwaka 1930. Samaki wa ziwa lile tunakula, na wanaovuka na bwato si wavuvi peke yao. Kuna mama mwenye saki mbili za mahindi, kuna kijana na makala yake, kuna baiskeli imelazwa juu ya mizigo. Wengi hawajui kuogelea. Ziwa si refu kwa chini, na hilo linadanganya watu: wanafikiri maji ya kifuani hayaui. Matope yakishika miguu, matete yakizunguka mikono, mtu anaweza kuzama mahali ambapo angesimama.

Kuwa karibu na inchi kavu pia si dawa. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, chombo kilichotoka Minova kilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuwa wanangoja ndugu zao kwenye kivuko walikiona kinazama kwa macho yao.

Jambo hili si jipya duniani. Mwaka 1854, Captain Ward wa Uingereza alitengeneza jile ya vipande vya koki, ile ganda jepesi la mti linaloziba chupa za divai. Mwaka 1861, kwenye mji wa Whitby, waokoaji 13 walitoka na mashua yao katika tufani. Ilipopinduka, 12 walikufa. Aliyebaki, Henry Freeman, ndiye peke yake aliyevaa jile ile mpya. Sisi hatuna koki, lakini hewa tunayo, na chupa zimejaa kwenye mitaro yetu.

Sasa kushona. Chukua saki iliyofumwa, safi, ukate kipande cha mbele na cha nyuma, na nafasi ya shingo kama ya shati isiyo na mikono. Shona mifuko iliyosimama wima: mitano au sita mbele kifuani, miwili tu nyuma, juu ya mabega. Usigawe sawasawa ili ipendeze. Chupa nyingi zikiwa nyuma, zinamsukuma mtu uso ndani ya maji, na hapo umeshona mtego. Tumia uzi wa nyavu. Uzi wa pamba unaoza.

Halafu kamba. Mbili za kufunga mbele, na moja, watu wengi wanaiacha kwa haya, inayopita katikati ya miguu kutoka nyuma hadi mbele. Bila hiyo, mtu akianguka majini jile inapanda peke yake hadi masikioni, mwenyewe anabaki chini. Bamama wanaovaa kitenge waifunge juu ya suruali fupi. Afadhali kuchekwa kwenye kivuko. Mwisho, funga filimbi begani, na kitambaa cha rangi kali, ya chungwa au njano, juu matete yanaficha watu.

Chupa ni lazima ziwe za maji au limonade. Bidoni iliyobeba dawa ya wadudu au asidi usiiguse, hata ukiiosha mara kumi. Sumu inabaki kwenye plastiki, na jile inakaa juu ya ngozi. Kila chupa izamishwe kwenye beseni na ikamuliwe kwa nguvu. Ikitoa mapovu, itupwe.

Kupima ndiko kunakotenganisha jile na koti la mchezo. Wengine wanafunga saki ya mchanga wa kilo 10, jile inaelea, wanafurahi. Hesabu hiyo ni ya uongo. Mchanga ukiwa majini unapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, kwa hiyo ule wa kilo 10 unavuta kama kilo 6 tu. Ukitaka mvuto wa kilo 10 tumia chuma cha kilo 11 na nusu, au mchanga mkavu wa kilo 16 katika saki inayopitisha maji. Acha jile ielee na mzigo huo kuanzia asubuhi hadi kesho yake asubuhi. Ikizama, tafuta chupa inayovuja. Ikibaki juu, ndipo mtu aivae, kwenye maji ya kifuani, kamba kiunoni, na mwenzake anayejua kuogelea pembeni. Ainue miguu, alegee kabisa. Mdomo ukibaki nje, njo jile.

Lakini tusidanganyane. Jile hii haina cheti, na haikuhakikishiwa kumgeuza mtu aliyezimia. Inamsaidia mtu mwenye fahamu kungoja bwato lingine. Watoto tusiwakatie ndogo kwa kukisia. Kichwa cha mtoto ni kizito ukikilinganisha na udogo wa mwili wake, naye anahitaji kola ya kushika shingo. Kwa watoto koperative inunue za duka, hata mbili za kupokezana kwenye kivuko. Na jile yoyote haipunguzi mizigo: bwato lililojazwa hadi ukingo litapinduka tu.

Jua linakausha plastiki mpaka inapasuka, kwa hiyo jile itunzwe kivulini, na chupa zipimwe tena kwenye beseni mbele ya kila wakati wa mvua. Ila kivuli hicho kisiwe nyumbani. Mahali pa jile ni kwenye kivuko, na ivaliwe mbele ya mguu kuingia katika bwato, juu ndani ya maji hakuna anayeweza kufunga kamba ya katikati ya miguu.